Daraja letu lilivunjika, na programu yangu ilikuwa sahihi

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya kazi, lakini juzi nilipokea baruapepe iliyonirudisha kwenye kibodi haraka. Kijana mmoja wa mwaka wa tatu, anayesomea uhandisi, ameteuliwa kuongoza kundi la wanafunzi sita. Wamepewa muhula mmoja wasanifu daraja la waenda kwa miguu, wapige hesabu zake, kisha watengeneze mfano wake mdogo utakaopakiwa mzigo mbele ya darasa. Aliniuliza swali moja tu: "Ni programu gani nzuri ya kutumia?"

Nilianza kumwandikia orodha ya programu. Nilipofika ya tatu nikafuta yote.

Maoni yangu ni haya, na najua wapo watakaoyapinga: programu utakayochagua ni jambo dogo. Hesabu za daraja dogo zinafanyika hata kwa kalamu na karatasi. Linalozishinda timu nyingi ni jingine kabisa: kujua nani ameweka nini, kwa sababu gani, na nani amekiondoa. Hiyo ndiyo kazi ya kiongozi. Nasema hivi kwa sababu mwaka 2009 niliongoza timu ya namna hiyohiyo, ya watu sita vilevile, na nikashindwa katika jambo hilohilo. Sijawahi kuisimulia habari hii hapa. Leo naisimulia.

Kijito cha Murang'a

Wanaoukumbuka mwaka 2009 watakumbuka ukame na mgao wa umeme. Kuanzia Agosti umeme ulikuwa ukikatwa kwa zamu, nasi tulikuwa tukigombania soketi za maktaba kama watu wanaogombania matatu saa za jioni. Mmoja wetu alitoka Murang'a. Kama umewahi kufika kule unajua jinsi ardhi ilivyo: mgongo, bonde, mgongo, bonde, na chini ya kila bonde kuna maji. Akatupeleka kwenye kijito kimoja kinachoingia mto Mathioya. Pale watu walikuwa wakivuka kwa magogo mawili yaliyolazwa pamoja. Upande mmoja kuna nyumba na mashamba, upande wa pili kuna shule na kituo cha kupimia majani chai.

Tulikwenda na utepe wa kupimia na vifaa vya kuazima. Tukiwa pale akapita shosho mmoja na mzigo mkubwa wa nepia mgongoni, majani ya ng'ombe, akavuka magogo yale taratibu bila kututazama. Alipofika ng'ambo akageuka kutuuliza tunapima nini. Tukamweleza. Akasema daraja likijengwa liwe pana kiasi cha watu wawili wenye mizigo ya nepia kupishana, vinginevyo mmoja atalazimika kurudi nyuma na mzigo wake. Upana wetu wa mita 1.5 ulitoka kwa shosho huyo, haukutoka kitabuni. Pia alituonyesha mahali maji yalipofikia wakati wa mvua kubwa, juu kabisa ya pale tulipodhani, maana sisi tulikuwa tumekuja wakati wa kiangazi.

Kisha akauliza, "Mtarudi lini kulijenga?"

Nikamjibu, "Tukimaliza hesabu, shosho."

Ulikuwa mradi wa darasa tu. Hatukuwa na hata mfuko mmoja wa saruji. Lakini nilikuwa kiongozi na jibu hilo lilinitoka kirahisi.

Hesabu zenyewe

Niwape picha kamili, kwa wale wanaopenda namba. Daraja lilikuwa la urefu wa mita 18 na upana wa mita 1.5. Daraja la miguu husanifiwa kwa kudhani limejaa watu, na kipimo kinachotumiwa sana ni kilonewtoni 5 kwa kila mita ya mraba, yaani kama kilo 500. Zidisha: mita za mraba 27 mara kilo 500 ni tani 13.5. Hao ni watu wazima kama 190 wamesongamana kwa wakati mmoja. Unaweza kucheka ukasema watu 190 watatoka wapi pale kijijini, lakini fikiria siku ya mazishi, au siku shule inapofunga.

Tulichagua trasi, yaani fremu ya vyuma vilivyounganishwa kwa pembetatu, moja kila upande wa daraja. Pembetatu haibadiliki umbo mpaka upande wake mmoja ukatike au upinde, ndiyo maana wahandisi wanaipenda. Watu wakisimama juu ya daraja, boriti ya chini ya trasi huvutwa, na boriti ya juu hubanwa. Kimo cha trasi zetu kilikuwa mita 1.2, ili boriti ya juu iwe pia ya kushikilia unapovuka. Kwa hiyo hapakuwa na kitu chochote juu kinachounganisha trasi ya kushoto na ya kulia. Huwezi kuweka chuma cha kukatiza kwenye kimo cha kifua cha mtu.

Kumbukeni hilo, tutarudi hapo.

Mimi, wakati wenzangu wakichora na kupima, niliandika programu. Niliiandika kwa C++ kwenye kipakatalishi cha kuazima ambacho betri yake haikufika saa moja. Unaipa sehemu za maungio, vipande na mizigo, nayo inakurudishia nguvu iliyo katika kila kipande. Nilihakiki majibu yake kwa mkono, ungio baada ya ungio, yakaoana hadi desimali ya pili. Jamani, furaha niliyokuwa nayo usiku ule! Nadhani ndio usiku nilioacha kuwa mhandisi wa ujenzi na kuwa mtengenezaji wa programu, ingawa cheti kilikuja kusema vingine.

Kuanzia hapo timu nzima iliniangalia mimi. Ukitokea ubishi, mtu anasema, "Hebu tuulize programu." Na kuuliza programu ilikuwa kuniuliza mimi.

Vipande ishirini na viwili

Katika timu yetu kulikuwa na jamaa mmoja nitakayemwita Fundi. Baba yake alikuwa na karakana ya kuchomelea mageti na madirisha, naye alikulia humo. Hakuwa mzungumzaji. Hesabu zake zilikuwa za kawaida, lakini mikono yake ilikuwa mizuri kuliko ya sisi watano tukijumlishwa pamoja. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza mfano wa mbao.

Katika mchoro wa kwanza Fundi aliongeza vipande ambavyo hakuna aliyemwomba aviongeze. Kila mahali kiunzi cha sakafu kilipokutana na trasi, alirefusha kile kiunzi kikatokeza nje, kisha akaweka kijiti cha mshazari kutoka ncha hiyo hadi boriti ya juu. Viegemezo 11 kila upande, jumla 22. Nilipomuuliza ni vya nini, alisema, "Kitu kirefu chembamba ukikibana, hutoroka ubavuni." Basi, maelezo yaliishia hapo.

Nikaviingiza katika fikira zangu za programu. Programu yangu ilikuwa ya pande mbili: mbele na nyuma, juu na chini. Ubavu haikuujua. Trasi ndani yake ilikuwa kama picha iliyobandikwa ukutani. Katika dunia hiyo ya bapa, viegemezo vya Fundi vilibeba nguvu gani? Sifuri.

Na alama za mradi zilikuwa zikitolewa kwa uwiano: mzigo uliobebwa kugawanywa kwa uzito wa mfano. Chepesi kishindacho ndicho bora. Usiku mmoja kabla ya kuchapisha mchoro wa mwisho, umeme ukiwa umerudi saa tano, nilivifuta vipande vyote 22. Mchoro ukapendeza. Ukawa mwembamba na msafi, kama madaraja tuliyokuwa tukiyaona kwenye mtandao. Nikauhifadhi kwenye flashi kwa jina jipya lenye neno "mwisho" mbele, nikaenda kulala. Sikumwambia mtu. Sikuona kama kuna la kusema, kwani sifuri ni sifuri.

Pakiti ya kumi

Mfano ulikuwa wa kipimo cha 1 kwa 20, kwa hiyo urefu wake sentimita 90. Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosea, nami nataka kijana wangu wa baruapepe alishike. Ukikipunguza kitu mara 20, eneo lake hupungua mara 400, lakini uzito wake hupungua mara 8,000. Nguvu ya kipande hufuata eneo. Hii ina maana kwamba mfano mdogo haubebi uzito wake wenyewe kwa shida ile ambayo daraja la kweli litaipata. Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1638, na bado kila mwaka kuna wanafunzi wanaosema, "Mfano wetu ulisimama, basi daraja litasimama." Tani 13.5 ukizigawanya kwa 400 unapata kilo 34 hivi, na hizo ndizo tulizotakiwa kuning'iniza. Mfano unakuonyesha njia ambayo mzigo unapita na mahali panapolegea. Usiutake zaidi ya hapo.

Tulijaza mchanga kwenye pakiti tupu za unga, tukazipima kilo mbili mbili kwa mizani ya dukani. Pakiti 17. Ubao ulining'inizwa kwa waya chini ya sakafu ya mfano, na pakiti zikawa zinapangwa juu ya ubao huo moja baada ya nyingine. Darasa zima limesimama. Pakiti ya tano, kimya. Ya nane, kimya, nami nilikuwa nimeanza kutabasamu. Ya kumi ilipowekwa, boriti ya juu ya upande wa kushoto ilijikunja kwa nje polepole, kama mtu anayejaribu kumpisha mwenzake mlangoni. Halafu kila kitu kikaanguka mezani kwa mpigo mmoja.

Hakuna kipande kilichokatika kwa kubanwa. Gundi haikuachia kwanza. Boriti ilitoroka ubavuni.

Chukua rula ya plastiki uisimamishe mezani, kisha ubonyeze ncha yake ya juu. Haivunjiki, inapinda kuelekea upande wake mwembamba. Sasa mwambie mtu aishike katikati kwa kidole kimoja tu. Utabonyeza kwa nguvu zaidi sana kabla haijapinda. Kanuni ya Euler, ya karne ya 18, inasema kwamba ukifanya kipande kiwe kirefu mara mbili, nguvu ya kukipinda inapungua mara nne. Boriti yetu, ukiitazama kutoka mbele, ilishikiliwa kila sentimita 7.5 na vijiti vya trasi. Ukiitazama kutoka ubavuni, baada ya mimi kufuta viegemezo, haikuwa na wa kuishika kwa sentimita 90 nzima isipokuwa ugumu kidogo wa gundi. Urefu mara 12. Nguvu kugawanywa kwa 144. Ile gundi ndiyo iliyotufikisha pakiti ya kumi. Peke yake boriti isingefika hata ya kwanza.

Na kile kidole cha katikati hakihitaji nguvu nyingi. Wahandisi wana kanuni ya zamani ya kukadiria kwamba kiegemezo cha kuzuia kipande kisipinde kinatakiwa kihimili kama asilimia 2 tu ya nguvu inayokibana kipande chenyewe. Asilimia 2! Kwa hiyo programu yangu haikudanganya. Iliulizwa swali la bapa ikajibu swali la bapa, kwa desimali mbili.

"Nani aliviondoa?"

Mhadhiri wetu alikuja mezani akachukua mchoro wa kwanza, ambao tulitakiwa kuuambatanisha, akauweka kando ya ule wa mwisho. Akaviona viegemezo mara moja. Akauliza, "Hivi vilikuwepo. Nani aliviondoa?"

Nikajibu, "Tuliona havina kazi."

Tuliona. Sisi. Wenzangu wanne walinitazama kwa mshangao, kwa kuwa hata hawakujua vimeondolewa. Fundi alikuwa akiokota vijiti sakafuni. Hakuinua kichwa.

Tulipata alama za kupita. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyefukuzwa, na wiki mbili baadaye kila mtu alikuwa akishughulikia mitihani. Lakini mimi neno lile "tuliona" limenikaa miaka yote hii kuliko kuvunjika kwa daraja lenyewe.

Kabla ya kuandika haya nilimpigia Fundi simu. Siku hizi ana karakana yake. Nilimwomba msamaha, kwa kuchelewa kwa miaka mingi, naye akacheka kwanza. Nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza: ulipokuwa ukikata vijiti kutoka kwa mchoro wa mwisho, hukuona kwamba viegemezo havipo?

"Niliona, bwana," akasema. "Nikadhani mmepiga hesabu upya. Wewe ndiye uliyekuwa na programu."

Hapo ndipo maoni yangu ya leo yalipotoka. Mimi niliondoa nikidhani hakuna sababu. Yeye alinyamaza akidhani ipo sababu. Kati yetu hapakuwa na hata mstari mmoja wa maandishi.

Hili si la wanafunzi pekee

Kama unadhani hayo ni makosa ya utoto, tazama madaraja ya wakubwa.

Tarehe 17 Julai 1981, mjini Kansas City, Marekani, vijia viwili vya kutembelea vilivyoning'inizwa ndani ya ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency vilianguka juu ya watu waliokuwa kwenye dansi. Watu 114 walikufa. Mchoro wa awali ulikuwa na nondo ndefu zinazoshuka kutoka darini, zipite kwenye kijia cha ghorofa ya nne hadi kile cha ghorofa ya pili. Wakati wa utengenezaji, kila nondo ndefu ilibadilishwa ikawa mbili fupi: moja ya kushikilia kijia cha juu, na nyingine iliyofungwa kwenye kijia cha juu ili kushikilia cha chini. Inaonekana ni mabadiliko madogo. Lakini fikiria watu wawili wanaoning'inia kwenye kamba moja, kila mmoja akijishikilia kwa mikono yake. Sasa mwambie wa chini aache kamba, ashike miguu ya mwenzake. Kamba haioni tofauti, lakini mikono ya yule wa juu inaiona: mzigo umekuwa maradufu. Uchunguzi ulikuta kwamba hata ungio la awali halikutosheleza kanuni za ujenzi za mji, na badiliko lile lilimalizia. Hakuna aliyekaa chini kulipigia hesabu ungio jipya.

London nao walikuwa na daraja la waenda kwa miguu, Millennium Bridge. Lilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000, likafungwa tarehe 12. Watu walipojaa, likaanza kuyumba ubavuni. Mtu anapotembea husukuma kidogo kushoto na kulia kwa kila hatua. Daraja likicheza kidogo, watu hurekebisha hatua zao wasipepesuke, wakajikuta wanakwenda kwa mpigo mmoja, na daraja likazidi kucheza. Wahandisi wake hawakuwa wazembe. Walipiga hesabu zilizotakiwa na kanuni za wakati ule. Lakini kanuni zile ziliangalia zaidi mtikisiko wa juu na chini. Ubavu tena! Daraja lilifunguliwa upya Februari 2002, baada ya kuwekewa karibu vizuia mtikisiko 90. Ninachowaheshimu kwacho ni kwamba walilifunga baada ya siku mbili tu, wakalipima, na wakatangaza walichogundua ili wengine wasirudie.

Atatokea mtu aseme, "Hayo ni ya zamani, siku hizi tarakilishi zinaona pande zote." Kweli, zinaona. Lakini tarehe 15 Machi 2018, daraja la waenda kwa miguu lililokuwa likijengwa kando ya chuo kikuu kimoja mjini Miami liliangukia magari yaliyokuwa barabarani, na watu 6 wakafa. Nyufa zilikuwa zimeonekana kabla. Asubuhi ya siku hiyohiyo kulikuwa na mkutano wa kuzijadili. Barabara ya chini haikufungwa. Wachunguzi walikuta makosa ya hesabu katika usanifu, lakini pia walikuta watu wengi waliokuwa wameiona hatari kwa macho na kila mmoja akategemea uamuzi wa mwingine.

Ndiyo "nikadhani mmepiga hesabu upya" ya Fundi, kwa saruji na kwa damu.

Tulichojifunza sisi wa programu

Katika kazi yangu ya sasa tuna bahati moja. Tangu mwaka 2005 tuna Git, na kabla yake kulikuwa na zana nyingine za namna hiyo. Kila mstari unaoondolewa unabeba jina la aliyeuondoa, tarehe, na ujumbe wa sababu. Mwenzako anautazama kabla haujaingia. Watu huona ni usumbufu. Mimi kila nikiona mtu ameandika "usafi kidogo tu" kama sababu ya kufuta mistari 22, moyo unanidunda.

Na siku hizi, ile programu yangu ya C++ iliyonichukua wiki tatu za mgao wa umeme, akili bandia inaweza kukuandikia kabla chai haijapoa. Ni jambo zuri. Lakini itakuandikia ya pande mbili ukiiomba ya pande mbili. Na timu yako itainyamazia kama yangu ilivyoninyamazia, tena zaidi, kwa sababu hata wewe kiongozi hutajua ndani mna nini.

Basi kijana, orodha yako ni hii hapa badala ya ile niliyoifuta:

1. Nenda mahali penyewe kabla ya kufungua tarakilishi, na uwaulize wanaovuka. Shosho alitupa upana na kimo cha maji kwa dakika tano. Na akikuuliza mtalijenga lini, mwambie ukweli.

2. Kila namba iwe na mwenyewe. Daftari la kurasa 32 linatosha: namba, imetoka wapi, ameiweka nani.

3. Usiondoe kitu mpaka aliyekiweka akueleze kilikuwa cha nini. Akishindwa kueleza vizuri, hiyo si ruhusa ya kukiondoa. Fundi alijua zaidi kuliko alivyoweza kusema.

4. Kabla ya kuamini jibu la programu, andika mambo matatu ambayo haikuulizwa. Mimi ningeandika moja tu, ubavu, mchoro ule usingechapishwa.

5. Anayetengeneza kwa mikono awe na haki ya kusimamisha kazi na kuuliza "hii imebadilika kwa nini?" bila kuonekana mjinga. Mwambie hivyo siku ya kwanza, mbele ya wote, kwa sababu yeye mwenyewe hataidai haki hiyo.

6. Mambo yakiharibika na mhadhiri akauliza nani, useme "mimi". Yakienda vizuri, useme "sisi".

Na kwa wahadhiri wanaosoma hapa, nina ombi. Hilo shindano la uzito dhidi ya mzigo linafurahisha, lakini linamfundisha mwanafunzi kuondoa. Wapeni pia alama kwa daftari la mabadiliko. Na pia mfano unapovunjika, mpeni alama aliyeweza kueleza kwa nini, hata kama ulivunjika pakiti ya kumi.

Kuhusu kijito chetu: sisi hatukurudi kujenga. Miaka kadhaa baadaye nilipita huko kwa harusi ya yule mwenzetu wa Murang'a, nikashuka bondeni na viatu vyangu vya harusi. Magogo hayakuwepo. Palikuwa na daraja la chuma la watu wengine, dogo, rangi imeanza kubanduka, na pembeni yake vyuma vya mshazari vimetokeza nje kila baada ya hatua mbili, vinaegemeza boriti ya juu. Watoto walikuwa wamevikalia.

Je, wewe umewahi kuondoa kitu usichokijua kazi yake, iwe kwenye daraja, kwenye programu au kwenye ukoo? Au umewahi kunyamaza ukidhani wenzako wamepiga hesabu? Niandikie, nitasoma yote. Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.